Waini nyekundu inayonukia pilipili manga: nani anaijua zabibu ya Schioppettino?

weta_wa_Nyali

Salaam kwenu wote. Mimi ni weta kwa hoteli moja huku Nyali na upande wa waini nimeachiwa mimi niuangalie, kazi nimeipenda kusema kweli, kila chupa ikipita mkononi lazima nisome lebo mbele na nyuma. Sasa kuna mzee mmoja wa Kitaliano anaishi Malindi miaka mingi, akija mjini hula kwetu. Wiki iliyopita kaja na chupa yake mwenyewe kutoka kwao, akaomba tumfungulie, na alipomaliza kula akatuita mimi na mwenzangu akatumiminia kidogo kidogo tuonje.

Wallahi sijawahi kukutana na kitu kama kile. Rangi yake ya zambarau iliyoiva lakini si nzito, ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe ukingoni ni nyekundu na mwanga unapita. Nikaingiza pua, kwanza matunda meusi, halafu nyuma yake ikaja pilipili manga. Nasema pilipili manga yenyewe, ile imetoka kutwangwa sasa hivi, mpaka nikamuangalia mzee nikidhani kuna mtu kanitilia kitu kwa glasi. Nikanywa nikingojea iniwashe na haiwashi hata kidogo. Mdomoni nyepesi, ina uchachu wa kutoa mate, ukakasi mdogo tu, na ukishameza ile pilipili inarudi puani inakaa.

Kilichonishangaza zaidi ni mwenzangu. Chupa moja, dakika hio hio, yeye anasema anasikia matunda tu. Nikamwambia nusa tena, akanusa, akasema pilipili hakuna hapa. Tukabishana mpaka mzee akacheka.

Lebo imeandikwa Schioppettino di Prepotto. Mzee alisema ni zabibu ya kwao iliyokuwa karibu ipotee kabisa, halafu gari lake likafika akaenda zake. Kwa hivyo naomba mwenye kujua anifungue macho, jee wanatia pilipili wakitengeneza ama ni zabibu yenyewe? Ilipotea vipi? Mbona mwenzangu hasikii? Na hapa Mombasa yapatikana wapi, manake nataka nimshawishi bosi tuwe nayo hata chupa chache, na nikishaipata niwaambie wageni wainywe na chakula gani.

mpenda_waini_Bamburi

Kaka mbona hio kama Carmenère ya Chile, na yenyewe inasifika kwa pilipili na pia ilipotea. Ilikuwa zabibu ya Bordeaux Ufaransa, kile kidudu cha mizizi kilipoingia Ulaya ikafa karibu yote, watu wakaisahau. Kumbe miche ilikuwa ishasafiri mpaka Chile kabla ya hapo, imechanganyika mashambani na Merlot na wenyewe wanaiita Merlot miaka yote, mpaka mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot akasimama shambani akaangalia majani na maua akasema hii si Merlot bwana. Na hizo za Chile supamaketi za hapa hazikosi. Nunua hio, bei utaiweza, usihangaike na Italia.

Mlikoni_Udine

Mdogo wangu umenishika pahali pangu. Mimi mtu wa Likoni lakini maisha yangu sasa ni Udine, kaskazini mashariki ya Italia, mkoa wa Friuli, na Prepotto si mbali na hapa. Unakwenda mpaka Cividale, ukishaipita unaingia vilimani, unateremka bonde la mto Judrio, na ng'ambo ya mto ni Slovenia. Kijiji kidogo hicho, mtu aweza kukipita kwa gari asijue amepita kitu. Udongo wao ni matabaka ya mawe laini, ukiokota kipande ukakibana kwa vidole kinamong'onyoka, wenyewe wauita ponca, na mizabibu imepandwa kwa ngazi ngazi kufuata kilima.

Pilipili hakuna mtu anatia. Ni zabibu.

Sasa ilivyopotea. Wenyeji wakuhadithia kuwa Schioppettino ilinywewa harusini pale Albana, jirani na Prepotto, mwaka 1282, yaani si mgeni kule hata chembe. Karne ya 19 ndio kikaja hicho kidudu alichokitaja mwenzangu, filoksera, kilitoka Marekani kikala mizizi ya mizabibu Ulaya nzima. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza, unachukua mzizi wa Kimarekani ambao kidudu hakiuwezi unaunganisha juu yake kikonyo cha zabibu yako. Sasa mkulima akishaambiwa ang'oe shamba lote apande upya, atapanda nini? Atapanda inayouzika. Merlot na Cabernet Franc zilikuwa na jina na zinazaa kila mwaka bila matata, na Schioppettino ni mkaidi, ikikutana na mvua na baridi wakati wa kuchanua maua yanapukutika, unakuja kuvuna vishada vina mapengo. Juu ya hapo vita vya kwanza vya dunia vikapita mpakani hapo hapo. Ikabaki mche huku, mche kule, nyuma ya nyumba za wazee, wakijitengenezea ya kunywa wao.

Halafu sheria ikaimaliza. Italia walikuwa na orodha ya zabibu zinazoruhusiwa kupandwa kila mkoa, na hii kwenye orodha haimo, kwa hivyo ukiipanda umevunja sheria. Hapo ndipo nawavulia kofia mume na mke, Paolo na Dina Rapuzzi. Mwaka 1970 walianza shamba lao mahali paitwapo Cialla, bonde limezungukwa na msitu, na badala ya kupanda Merlot kama kila mtu wakazunguka wakitafuta miche ya Schioppettino iliyosalia wakaipanda, na walijua vizuri kuwa hairuhusiwi. Ile familia ya Nonino, wanaotengeneza grappa huku, pombe kali ya makapi ya zabibu, wakaanzisha tuzo kwa ajili ya watu wanaookoa mizabibu ya kienyeji ya Friuli, na mwaka 1976 ya kwanza wakapewa hao Rapuzzi. Fikiria, mtu anapewa tuzo hadharani kwa kupanda kitu kilichokatazwa! Kelele zikawa kubwa, baraza la Prepotto nalo likasimama upande wa zabibu yao, na mwishowe ikaruhusiwa. Waini yao ya kwanza ya Schioppettino kutoka Cialla ni ya mwaka 1977.

Mimi hii habari huisimulia kila mgeni anayenitembelea. Watu wawili tu, hawana cheo wala serikali nyuma yao. Wangesema "sheria ni sheria" hio glasi uliyoonja Nyali isingekuwako.

Leo wanaoilima Prepotto ni wengi kiasi lakini jumla yake bado ni ndogo sana, nje ya mkoa huu hata Waitaliano wengi hawaijui. Kwa hivyo Carmenère ni nzuri lakini siyo hii.

mwalimu_wa_kemia_Tudor

Niongeze hapo kwa harufu manake ndio nyumbani kwangu.

Kwanza Carmenère. Harufu yake ni ya pilipili hoho, ile ya kijani ya kukatia kachumbari, siyo pilipili manga. Ni kemikali mbili tofauti kabisa. Ya hoho inaitwa pirazini, na zabibu zikiiva vizuri juani inapungua, ndio maana Carmenère iliyovunwa mapema inanuka majani. Aliyosikia kijana wa Nyali ni manga, na hio inatokana na kitu kinaitwa rotundoni.

Rotundoni ilikaa imejificha muda mrefu. Watu walikuwa wanasema zabibu nyekundu ya Shiraz inanukia pilipili manga na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya waini ya Australia, pale Adelaide, wakaikamata. Na kitu ni kile kile kilichomo ndani ya pilipili manga unayonunua sokoni Marikiti, siyo kinafanana, ndicho chenyewe, isipokuwa kwa pilipili kimo mara kama 10,000 zaidi kuliko kwa waini yenye harufu kali ya pilipili. Pua ya binadamu inaisikia kwenye waini nyekundu ikiwa ni nanogramu 16 tu kwa lita. Nanogramu ni gramu moja umeigawa mara bilioni. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivyo hutulia darasa zima.

Jina imelipata kwa mmea ambao kila mtu hapa anaujua, ndago. Haya majani sumbufu ya shambani, kitaalamu ni Cyperus rotundus, na ni kwenye viazi vyake vya chini ya ardhi ndiko rotundoni ilikogunduliwa miaka ya sitini, kabla mtu yeyote hajaihusisha na waini. Imo pia kwenye rozmeri na kwenye jamaa ya mrehani.

Kuhusu kuwasha, pilipili manga inawasha kwa sababu ya piperini, na piperini kwa zabibu haimo. Ndio unapata harufu bila moto.

Sasa mwenzako. Mwambie ana haki yake, na wewe una haki yako. Hao hao watafiti wa Australia waliwapa watu kunusa rotundoni kwenye maji, na kama mmoja kati ya watano hakusikia chochote hata walipozidisha kipimo. Pua zao nzima, wanasikia marashi, wanasikia samaki akiharibika, ila hio moja haifiki. Yaani chupa moja mezani, watu watano, wanne wanakunywa waini ya pilipili na mmoja anakunywa waini ya matunda. Kwa weta hii ni muhimu sana, mgeni akikwambia haisikii usimlazimishe, na usimuone hajui waini.

Mwaka 2011 watafiti wa Italia wakapima zabibu za kwao wakaikuta nyingi kwenye Schioppettino, na pia kwenye nyengine nyekundu inaitwa Vespolina na moja nyeupe ya Austria, Grüner Veltliner. Inakaa kwa ganda la zabibu, na inapanda mwishoni mwishoni kabla ya kuvuna. Mwaka ukiwa wa baridi na mawingu inakuwa nyingi, vishada vikipigwa sana na jua inapungua. Kwa hivyo bonde lenye msitu kama hilo la Cialla naelewa kabisa kwa nini linatoa pilipili.

weta_wa_Nyali

Mwalimu shukran sana, nimemuonyesha mwenzangu simu akafurahi mpaka basi, alikuwa ashaanza kudhani hii kazi haimfai. Lakini anauliza, mbona pilipili manga ya jikoni anaisikia vizuri tu?

mwalimu_wa_kemia_Tudor

Swali zuri. Kwa sababu pilipili manga ya jikoni ina harufu nyingi ndani yake, kuna zile za kama msonobari, kuna za kama ndimu, kuna ya mbao mbao. Akikosa moja, zilizobaki zinamtosha kuijua. Kwa waini hio pilipili inaletwa na rotundoni, akiikosa hana pengine pa kushikilia.

MamaPilau_Kisauni

Wanangu mimi ni Muislamu, kileo sikigusi na wala sikipigii debe, ila swali la chakula nalijibu kwa sababu pilau na viungo ndio kazi yangu, na napikia wageni wa mahoteli huko huko Nyali miaka mingi, na wageni wenyewe huniambia kilichowakubali na kilichowakataa.

Pilau ya nyama ya ng'ombe ndio yenyewe. Lakini pilau iwe ya viungo vya kunukia, si ya kuwasha. Bizari nyembamba ukaange kavu mpaka ibadilike rangi, mdalasini, iliki, karafuu chache, na pilipili manga uitwange wakati ule ule unaitia, ukitwanga asubuhi kupikia jioni ishakufa hio. Kitunguu kiive kiwe kahawia haswa. Hapo yule mgeni akinusa sahani na akinusa glasi atakuta zinaitana.

Pilipili mbuzi iweke mbali kwa kibakuli. Wageni wanaokunywa hulalamika ikikutana na waini mdomo unawaka mara mbili, wakaacha sahani na wakaacha glasi. Kachumbari pia ndimu usiikamue nyingi. Samaki wa kupaka sikushauri, tui zito litaifunika hio harufu mnayoisifu yote. Mishkaki ya kawaida ya chumvi, tangawizi na manga, haina neno.

Na ndago mwalimu umenikumbusha, shambani kwetu Kilifi tumeing'oa mpaka migongo imeuma na inarudi vile vile. Nikienda tena nitachimba kiazi chake nikinuse.

klia_Kilindini

Mimi nafanya klia na fowadi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, nijibu upande wa kuipata.

Madukani hapa sijaiona hio, na mizigo ya waini naiona mingi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mtu aje nayo kwa begi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye miaka 18 kwenda juu kuingia na waini isiyozidi lita mbili bila ushuru, ama badala yake lita moja ya pombe kali. Chupa ni mililita 750, kwa hivyo mbili zinapita, ya tatu unalipia. Ila hizo ni za kunywa mwenyewe, usije ukaziingiza kwa menyu ya hoteli. Chupa ya kuuzwa lazima iwe na stempu ya KRA, watu wa kodi wa Kenya, wakija kukagua wakute chupa haina stempu hapo ni balaa kwa bosi na kwa wewe uliyeiweka. Kwa hivyo njia ya pili ni bosi azungumze na kampuni yenye leseni ya kuingiza, waichanganye kwa oda yao ya Italia hata katoni mbili tatu. Wengi hawakatai ukiwaambia mapema, kontena likishafungwa Ulaya hamna kitu unaweza kufanya.

Na hapa nataka nisisitize. Uliza inakuja kwa kontena gani. Kontena la kawaida likikaa yadi Februari au Machi ndani yake ni tanuri, na waini inaiva humo kabla hujaiona. Waini laini kama hio unayoisema ndio inaumia kwanza. Ikifika kagua kizibo, kikiwa kimesukumwa juu kidogo ama shingo ya chupa inanata chini ya kile kifuniko cha foili, ishavuja kwa joto hio. Ukifungua inanukia jemu iliyoungua. Inabidi wailete kwa kontena la baridi, bei inapanda lakini la sivyo mtanunua siki. Na stoo ya hoteli vile vile, usiniambie chupa ziko rafu ya juu jikoni karibu na jiko, nimeyaona hayo mahali kwingi.

mpenda_waini_Bamburi

Nimewasoma wote nikaenda kufungua Shiraz ya Afrika Kusini niliyokuwa nayo hapa na manga kweli ipo, kwa mbali. Kama hio ya Italia imechelewa kaka anza na Shiraz ufundishe pua, lakini tafuta za sehemu za baridi, zile za joto ni matunda na utamu tu. Hata Naivasha wanalima Shiraz. Na tukizungumza mbegu adimu tusisahau jirani zetu, Dodoma kuna zabibu nyekundu inaitwa Makutupora na wanavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Ulaya hakiwezekani. Hio nayo watu wa huku hatuijui na iko mlangoni.

weta_wa_Nyali

Wazee wangu na mama yangu mmenifaa sana. Bosi nimeshazungumza naye, kasema nimtafutie kampuni ya kuingiza na bei, na stoo yetu ina eyakondisheni kwa hivyo hapo tuko sawa. Dada wa Udine, nikiagiza niagize ya nani na ya mwaka gani? Na niitoe kwa baridi kiasi gani, manake huku tukisema joto la chumba ni nyuzi 30.

Mlikoni_Udine

Nyuzi 16 mdogo wangu, 18 mwisho. Na kwa vile glasi ya Mombasa inapata joto ikiwa mezani, wewe itoe 14 au 15 itapanda yenyewe. Chupa ikitoka stoo yenu itie friji kama nusu saa, usiiweke kwa barafu ikaganda harufu. Glasi iwe pana tumboni na usijaze, theluthi inatosha. Na umwambie mgeni anuse kwanza kabla hujamtajia pilipili, mwache aseme mwenyewe anachosikia.

Kuagiza, angalia lebo iandikwe Prepotto au Cialla, hizo ndizo sehemu zake za asili. Mtengenezaji sitakuchagulia, wengi ni familia na kila mmoja ana mkono wake, kuna wanaoiweka kwa mapipa madogo ya mbao mpya na hapo mbao zinazungumza kuliko zabibu. Uliza kampuni ikupe iliyokaa mapipa makubwa ama ya zamani. Mwaka, mfuate mwalimu, ule uliokuwa wa baridi kidogo huku, usikimbilie mwaka wa jua kali hata kama wanausifu.

Mimi nakuja nyumbani Disemba inshallah. Zile mbili zinazoruhusiwa ntazibeba, moja ya kwako na mwenzako, nyengine muonje na huyo bosi wako kabla hajatoa pesa ya katoni. Nitumie ujumbe faraghani tupange, ila ujue nashukia uwanja wa ndege wa Moi usiku, chupa zikishatoka kwa begi uziache zilale siku mbili tatu kwa stoo yenu ya baridi kabla hamjafungua, zikitikiswa safari ndefu huwa zimefunga, hazisemi kitu.

MamaPilau_Kisauni

Siku hio ya kuonja mnijulishe mapema basi, sufuria ya pilau nawaletea mimi.